Kona Alikozaliwa Rosa

Yahya alikuwa na studio ndogo karibu na soko la Kibuye. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za vitambulisho na za harusi, basi. Lakini mwaka wa 1995 aliposikia kwamba kiwanda cha kuchambua pamba kule ziwani kitabomolewa, alichukua kamera akaenda bila kutumwa na mtu. Alikuwa amekua akiamshwa na king'ora cha kiwanda hicho.

Msimamizi wa wabomoaji alimpa asubuhi moja tu. Yahya alipiga picha za mashine zilizoliwa na kutu, mikanda iliyolegea, na madirisha yasiyo na vioo ambayo nyuma yake ziwa lilikuwa limefunikwa na magugu. Vibarua wakipita, alisubiri wapotee ndipo abonyeze. Aliona ukiwa ule ndio wenye kupendeza.

Filamu ilikuwa imebakisha picha tatu alipoingia mama mmoja na kikapu cha mboga. Alisema anaitwa Agneta, anauza mboga sokoni Otonglo, na zamani alifanya kazi pale.

"Bwana, nipigie moja."

"Simama pale kwenye mwanga, Mama."

"Si mimi. Piga hapa chini." Akaonyesha kona ya ghala.

Yahya akatazama. Ilikuwa saruji yenye nyufa na kinyesi cha popo.

"Hapa kuna nini?"

"Mwaka wa sabini na moja nilificha mimba nisisimamishwe kazi. Uchungu ukanishika hapa hapa. Wenzangu wakanizungushia marobota ya pamba, na mashine zilivyokuwa zikinguruma, hakuna mkubwa aliyesikia. Msichana wangu Rosa alizaliwa hapo. Nikimwambia, anacheka, anasema namtungia hadithi. Sasa pakishakuwa kifusi nitamwonyesha nini?"

Yahya akapiga magoti. Aliipiga kona ile mara mbili, kisha akamwomba Agneta aweke mkono sakafuni, akapiga ya mwisho.

Jumatatu tingatinga likaingia.

Wiki iliyofuata Agneta alikuja studio na Rosa, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa chekechea kule Migosi. Rosa aliishika ile picha ya mkono sakafuni. Hakucheka.

"Ulikuwa peke yako?"

"Tulikuwa saba."

"Waliitwa nani?"

Agneta akaanza kuwataja mmoja mmoja: nani alimshika mgongo, nani alivua leso yake mtoto afunikwe, nani alisimama mlangoni. Yahya aliendelea kufuta lenzi ambayo ilikwisha takata kitambo.

Picha za mashine alizitundika dirishani, na wapita njia wakazisifu. Yeye mwenyewe hazikumridhisha. Zilikuwa picha nzuri, lakini mtu angeweza kuzitazama siku nzima asijue nani aliwahi kuishi maisha yake mle ndani.

Mwaka uliofuata kiwanda kidogo cha sabuni karibu na reli nacho kikawekewa alama ya kubomolewa. Safari hii Yahya kwanza aliiacha kamera studioni. Alizunguka siku nne akiwatafuta waliokuwa wafanyakazi, na kila aliyempata alimuuliza, "Ukirudishwa mle ndani, ungependa kusimama wapi?"