Kona ya Mashine Inayolia

Katika miaka kumi na tisa ya kuwafundisha vipofu kutembea peke yao, Eneida Canul hakuwahi kupoteza mwanafunzi hata mmoja. Jambo hili alilisema mwenyewe, mara nyingi, na bila kuombwa. Aliwaambia wafadhili walipokuja kupiga picha, alimwambia padri, na siku moja alimwambia daktari wa meno huku koleo likiwa mdomoni.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye kujipaka dawa ya kafuri kifuani kila siku, hata katika lile joto la Mei ambapo mbwa wa mji wa Chanholtún hulala katikati ya barabara na madereva huwazunguka. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka saba. Mama yake alilia mwaka mzima. Eneida, kwa maelezo yake mwenyewe, alilia wiki mbili, kisha akaona inachosha.

Kituo chao kilikuwa kwenye stesheni ya zamani, iliyojengwa enzi za treni ya mkonge. Kwenye chumba cha tiketi walisoma maandishi ya nukta nundu. Ghalani walijifunza kukata vitunguu bila kukata vidole, na kwenye jukwaa walifanya mazoezi ya fimbo nyeupe, kwa kuwa jukwaa lina ukingo na ukingo hufundisha haraka. Kila Alhamisi mwalimu mmoja mstaafu alikuja kuwasomea gazeti. Alianza na matangazo ya vifo, maana wanachama walitaka kwanza kujua nani hayupo ndipo wasikilize mambo ya serikali.

Eneida ndiye aliyekuwa na ramani. Mitaa ya kule haina majina, ina namba: za shufwa zinakwenda upande mmoja, za witiri upande mwingine, na mwenye macho anasoma kibao na kuendelea na safari yake. Wasioona, vibao haviwafai kitu. Kwa hiyo Eneida aliwatengenezea mji mwingine kichwani, mji wa sauti na harufu. Redio ya kinyozi, hapo umefika mtaa wa 16. Njiwa wa kanisa, hapo ni wa 18. Na kwenye kona ya mtaa wa 20 na wa 23, mahali ambapo lazima ukate kushoto kwenda sokoni, palikuwa na mashine ya Bi Filiberta Uc ya kuokea tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi.

Mashine ile ilikuwa na mkanda wa chuma uliobeba tortilla kupita motoni, na mkanda huo ulilia. Kwi, kwi, kwi, kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana, kila siku isipokuwa Ijumaa Kuu. Vipofu kumi na wanne wa Chanholtún walikata kushoto kwa kuisikiliza. Somo lenyewe lilikuwa fupi: "Ukiisikia iko begani kwako, kata."

Bi Filiberta peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Hakuna aliyemwambia. Kumwambia mtu wa mji ule kwamba mashine yake inapiga kelele ni kumwambia ameshindwa kuitunza, na ukishamwambia hivyo, tortilla utanunua wapi?

Sasa mwaka ule alikuwapo mwanafunzi anayeitwa Nicanor Pech, mzee wa miaka sitini na sita, aliyeendesha basi miaka thelathini na mmoja mpaka kisukari kilipomzimia taa. Mke wake alikuwa ameshafariki. Aliishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, yenye mndimu uani na kulabu mbili ukutani za kutundikia bembea yake ya kulalia. Binti yake Yamile alifanya kazi hotelini katika jiji la Cancún na aliishi ghorofa ya nne. Alikwishamchukua mara moja, akakaa naye wiki mbili. Mzee alirudi akasema kule alikaa kwenye kochi, akahamishiwa kwenye kochi jingine, na hilo ndilo lilikuwa tukio kubwa.

Yamile hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imemfanya apige simu kituoni.

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini baba yangu siku moja atagongwa na guta. Namchukua."

"Njoo Jumamosi," Eneida alimjibu. "Ni siku yake ya mtihani. Atatoka nyumbani mpaka sokoni, atanunua viungo vya kupikia kuku na ndimu, atarudi. Peke yake. Uone kwa macho yako."

"Ndimu? Si ana mti mzima uani?"

"Ni mtihani, mwanangu, si mahitaji."

"Na akipotea?"

"Akipotea mchukue. Sitafungua mdomo."

Alishusha simu. Alikuwa ametoa ahadi juu ya maisha ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa nje jukwaani akimweleza mwenzake kwa nini vyura hawaliwi. Eneida aliogopa. Alijiambia kwamba hajawahi kupoteza mwanafunzi, na kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakumsaidia.

Jumamosi Yamile alishuka kwenye basi la kwanza. Kwa kuwa ni mtu wa kupanga mambo mapema, mpaka saa tatu asubuhi alikuwa ameshamfungia baba yake sanduku na kuliweka mlangoni. Bembea nayo ilikuwa imeshuka ukutani na kukunjwa ndani ya mfuko. Eneida alipofika, fimbo yake iligonga lile sanduku kabla ya kitu kingine chochote.

"Hiki nini?"

"Sanduku," alisema Nicanor. "Naambiwa ni langu."

"Baba, usianze," alisema Yamile.

Eneida alimpa binti masharti. Mzee anatangulia. Mwalimu anafuata hatua thelathini nyuma, fimbo juu, viatu vya mpira, asisikike. Yamile hatua thelathini nyuma ya mwalimu, na asitoe sauti hata akimwona baba yake anaelekea kisimani.

"Kuna kisima?"

"Ni mfano tu."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kituo tangu mwanzo: mwanafunzi hatakiwi kujua kwamba anafuatwa. Wote walijua. Harufu ya kafuri ilikuwa ikimtangulia mwalimu kwa hatua arobaini. Lakini hakuna aliyesema, kwa sababu Mwalimu alijitahidi sana na vile viatu.

Nicanor alitoka. Tap, tap, tap, fimbo yake ilisikika vizuri. Kinyozi alipunguza redio ili amsalimie, Eneida akatukana kimoyomoyo, redio ikarudi. Njiwa walikuwapo. Kisha, kabla ya mtaa wa 20, likaja gari la mkate lenye vipaza sauti viwili juu, likatambaa kandokando ya njia likitangaza mikate mitamu kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Sauti ya fimbo ya mzee ilizama humo. Eneida hakuhangaika. Alinyoosha, akisubiri gari lipite na kwi-kwi ijitokeze begani.

Gari lilipita. Kwi-kwi haikujitokeza.

Akaenda mbele kidogo. Labda bado. Akaenda tena. Alisikia mtu akimsalimia kwa mbali, hakujibu kwa kuwa alikuwa anahesabu hatua, halafu akagundua kwamba hajui anahesabu kuanzia wapi. Chini ya viatu lami ilikwisha, ukaja mchanga, kisha majani. Fimbo ikagusa uzio wa waya. Nyuma ya uzio bata mzinga akamkaripia.

Kanuni ya kwanza ya Eneida Canul, iliyobandikwa kwa nukta nundu kwenye mlango wa choo ili kila mtu aisome bila haraka, inasema: Ukipotea, simama, uliza. Basi, alisimama. Ile nusu ya pili ndiyo iliyomshinda.

Guta la abiria likaja likapunguza mwendo.

"Mwalimu, umepotea?"

"Napunga upepo."

"Hapa kwa bata wa Mzee Dzul?"

"Kwani upepo wa hapa ni wake?"

Mwenye guta akaenda zake. Eneida alitamani kumwita, na hakumwita. Alibaki ameshika waya, uso ukimwaka kwa aibu. Hakuwa akijifikiria yeye tu. Alimfikiria mzee akiwa peke yake huko mbele, bila mashine na bila mtu wa kumwokoa. Alifikiria lile sanduku mlangoni. Kwa jinsi alivyoona mambo, Nicanor alikuwa ameshapotea, na aliyempoteza ni yeye, na ramani yake, na mdomo wake kwenye simu.

Haijulikani alikaa pale muda gani. Yeye alisema dakika tano, bata hakuulizwa. Ndipo aliposikia fimbo. Tap, tap, tap, bila haraka, ikija upande wake.

"Mwisho wa ruti," ilisema sauti ya Nicanor. "Abiria wote washuke. Angalieni msisahau mizigo."

"Mzee Nicanor! Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Sokoni nimeshatoka. Viungo hivi hapa, ndimu hizi hapa. Narudi, nanusa, nyuma yangu hamna kafuri. Nikajua nimeacha abiria njiani. Nikasimama kwenye kona nikamuuliza Bi Filiberta, akasema amekuona unanyoosha kama mtu anayewahi mazishi, hata salamu hukuitikia."

"Lakini mashine haikulia! Umekataje kushoto?"

Nicanor alikohoa kidogo.

"Mwalimu, ile kona nimeikata na basi miaka thelathini na mmoja. Barabara pale inalala upande wa kushoto, ukifika inakuvuta yenyewe. Matako yangu yanaijua. Ile mashine sijawahi kuisikiliza hata siku moja."

"Miezi sita nakufundisha ile mashine!"

"Ulikuwa unafundisha vizuri. Sikutaka kukukatiza."

Kutoka nyuma ya mzee mtu alipenga kamasi.

"Na wewe upo?" Eneida aliuliza.

"Nipo," alisema Yamile. "Nilikuona unapitiliza. Nikafungua mdomo, nikakumbuka umenikataza. Nikasimama pale kwenye kona sijui nimfuate nani. Nikamfuata baba."

"Ulifanya sawa."

"Baba naye akaja kukufuata wewe."

Eneida aliweka mkono kwenye kiwiko cha Nicanor, mahali panapotakiwa, kama alivyowafundisha watu miaka kumi na tisa. Hakuwahi kuwa upande huo wa kiwiko na mwanafunzi wake. Walirudi hivyo, dereva mbele, mwalimu pembeni, binti nyuma na mfuko wa ndimu.

Kwenye kona ya 20 na 23 barabara kweli ililala upande wa sokoni. Eneida aliisikia miguuni kwa mara ya kwanza maishani, akakasirika. Bi Filiberta alitoka dukani mbio, akijifuta unga.

"Mwalimu! Umesikia?"

"Sijasikia kitu, Bi Filiberta."

"Ndiyo hivyo sasa! Nilipoambiwa Mzee Nicanor ana mtihani, nikasema masikini, hawa watu wana masikio makali, na mashine yangu inawatoboa miaka yote hii na hawalalamiki. Jana nikamwita fundi. Mafuta nusu lita, vyuma vipya. Kwa ajili yenu!"

Nicanor aliangalia upande mwingine, jambo ambalo kwake halikuwa na maana yoyote, lakini adabu ni adabu.

"Mungu akubariki," alisema Eneida. "Ulitusumbukia."

"Basi haikuwa inawaudhi?"

"Tulikuwa tumeizoea."

Bi Filiberta aliwafungia kilo moja ya tortilla za moto, akakataa kulipwa.

Nyumbani Yamile alipita mbele yao. Eneida alibaki kizingitini, fimbo yake ikiwa imegusa sanduku, akijiandaa kutimiza ahadi ya kutofungua mdomo. Alisikia zipu. Hakujua ni zipu inayofungwa au inayofunguliwa. Zipu, ukizisikiliza, ni zilezile.

"Mwalimu," Yamile alisema kutoka ndani, "nikimpeleka Baba Cancún, wewe atakuja kukuchukua nani?"

Eneida alikuwa ameahidi kutosema neno, kwa hiyo hakusema. Alitoa leso.

Kisha ikasikika kamba ya bembea ikiburutwa sakafuni, pete ya kwanza ikiingia kwenye kulabu, halafu ya pili. Nicanor hakusubiri kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja, akajitupa ndani na viungo vyake vya kuku mkononi, na kulabu zikaanza. Kwi, kwi, kwi.

"Baba, jamani, hii inalia," alisema Yamile. "Kuna mafuta humu ndani niitilie?"

"Acha!" walisema wote wawili.