Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Tarehe 9 Machi 2014, Dalmas Barasa, dereva kutoka Bungoma, alitumwa na madam, mwajiri wake, hadi Hindawiya, Jeddah, kumchukua kwa ajenti mfanyakazi mpya wa nyumbani. Mfanyakazi alikuwa Selipher, mama wa mke wake.

Kwao Dalmas, mtu hamshiki mama mkwe mkono, hali naye, wala hamtazami usoni. Dalmas akageukia ukuta. Selipher akavuta ushungi hadi puani. Garini hapakuwa na tabu. Saudia mwanamke hukaa nyuma.

Tabu ilikuwa nyumbani. Selipher alipika, akaweka sahani dirishani, akaondoka kabla mlaji hajafika. Likiwapo la kusema, liliambiwa friji.

"Friji, mwambie dereva mchele umeisha."

"Friji, mwambie mama nimesikia. Na chumvi ya jana ilizidi."

"Mwambie binti yangu ndiye aliyemzoesha chakula cha wagonjwa."

Mwezi haukuisha, madam akawaita jikoni. Watu wa nchi moja, hawatazamani: kwake huo ulikuwa ugomvi.

"Kwangu mafi mushkila, sitaki matata," alisema. "Mmoja wenu atarudi kwa ajenti."

Dalmas alipiga hesabu yake. Akirudi yeye, kazi imekwenda. Akirudi Selipher, atakuwa mume aliyemfukuzisha mama mkwe kazi, na ndoa itakuwa halas, imekwisha. Akaeleza kwa Kiarabu chake cha barabarani kwamba huyu ni mama wa mke wake.

Madam akafurahi sana. "Basi ni mama yako! Mbusu kichwa, yalla!"

Selipher alirudi nyuma hadi akagonga jiko. "Friji, mwambie dereva akisogea hatua moja, naenda kwa ajenti mwenyewe."

Kwao mwiko huo una njia ya kuondolewa: mkwe humfunika mama mkwe blanketi jipya mbele ya shahidi, kisha wanapeana mikono. Dalmas akamwambia madam kwamba kubusu hakuwezekani, mkono unawezekana, lakini blanketi kwanza.

"Blanketi la nini na joto hili?"

"La mkono, madam."

Madam alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akasema atakuwa shahidi, na kama hadi Ijumaa usiku hawajashikana mikono, atampigia ajenti simu.

"Friji," alisema Selipher, "mwambie dereva asiniletee jepesi."

Ijumaa baada ya sala, Dalmas alikwenda madukani Kandara, humo humo Jeddah, kununua blanketi zito.