Siku Wanda Alipoinuka

Dada yangu Wanda Pietrzak haogopi mbwa, bosi wala padri. Miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha chuma akiwafokea wanaume wenye mabega ya kuziba mlango. Alichokiogopa ni kimoja tu: kuiletea timu yetu ya besiboli mkosi.

Hofu hiyo aliipata ujanani. Alikuwa uwanjani na mumewe Kazimierz, fainali, tunaongoza, akainuka kwenda kununua soseji. Kabla hajarudi, mpigaji wa wageni alikuwa ameshaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, na ubingwa ukaenda. Kaz alimtania kwa soseji ile mpaka wote wakaota mvi. Wanda alicheka naye, lakini jambo lile lilimwingia.

Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa, tulikuwa watatu jikoni kwao, redio dirishani. Mrushaji wetu alikuwa amefika zamu ya saba kati ya tisa, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeupiga mpira wake akafika kituo cha kwanza. Kwetu jambo la nadra kama hilo likitokea halitajwi mpaka liishe, lisije likaharibika. Huhami kiti, huendi msalani. Kabeji iliungua sufuriani tukainusa hivyo hivyo.

Ndipo nilipouona mkono wa Kaz. Alikuwa akiusugua ule wa kushoto, uso umekuwa kama unga uliokandwa, jasho linamchuruzika hadi kwenye kola. Nilimtazama Wanda. Alikuwa ameshaona kabla yangu, na viganja vyake alikuwa amevikalia.

"Shemeji, una nini?" nilimuuliza.

"Joto tu. Nyamaza, unatuharibia."

Wanda alianza kujiinua. Kaz akageuza kichwa polepole.

"Wanda, usiinuke. Nakuomba."

Safari hii hakuwa akitania. Wanda akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona dada yangu akitetemeka, na siku ile meza ilikuwa ikitetemeka naye. Nilijua anachopima: akiinuka, mumewe hatamsamehe, asipoinuka, huenda asibaki na mume wa kumsamehe.

Redioni mrushaji wetu akamtoa mpigaji mwingine, uwanja mzima ukalipuka. Kaz ndiye mtu ambaye kelele zake humkimbiza paka wa jirani. Miaka yote Wanda alikuwa akimwambia afunge mdomo. Sasa Kaz alifumba macho tu, kimya.

Wanda akainuka. Kiti kilianguka nyuma yake. Akiwa kwenye simu ya ukutani anataja namba ya nyumba, sauti ikimkatika, mgeni akaupiga mpira, ukapita katikati ya wachezaji wetu, akafika kituo cha kwanza. Kaz alisikia. Alimtazama mkewe, machozi yanamlengalenga.

"Nilikuambia," alisema, kisha akaegemea meza.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukumbini, na Wanda alirudia maneno hayo mpaka nikamwomba aache. Aliogopa kwamba ndiyo maneno ya mwisho ya mumewe. Kisha akakumbuka alichozoea kusema Kaz tulipokuwa nyuma na watu wameanza kuondoka: besiboli haina saa, haiishi mpaka mtu wa mwisho atolewe. Akaanza kusema hayo badala yake, midomo mikavu, rozari imemkwama vidoleni. Kila mlango ulipofunguka alinifinya mkono.

Daktari alipotoka alisema ni moyo, na kwamba tungesubiri hata zamu moja zaidi tungekuja kuzika. Asubuhi Kaz alifumbua macho, akamtafuta mkewe.

"Na soseji hukuniletea?"

Wanda alimtukana kwa lugha ya wazazi wetu, akalia mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Mwaka wa pili sasa. Siku za mechi Kaz hukaa kwenye kiti chake kilekile, nami changu. Wanda hakai tena. Husimama nyuma ya mumewe tangu mrusho wa kwanza, viatu miguuni, simu karibu. Kaz hulalamika kwamba mke aliyesimama ni mkosi mtupu, naye humwacha aseme. Lakini timu yetu ikifanya vizuri, halafu Kaz akachelewa kidogo tu kushangilia, naona vidole vya dada yangu vinashuka shingoni mwake, kwenye mshipa.

"Piga kelele, Kaz," humwambia. "Piga kelele nikusikie."