Ndoo za Marehemu Muinde

Muinde, fundi wa rangi, alizikwa Maungu mchana wa jua kali, na siku chache baadaye akarudi kwa mkewe. Hakuja kwa sura wala kwa sauti. Alikuja kwa harufu, ile ya thina ya kuoshea brashi, ambayo haikumtoka mikononi hata aoge namna gani.

Kathini akiinua kikombe cha maji, mumewe huyo. Akisonga ugali, mumewe huyo. Mwanzoni alifurahi, tusifiche. Mke aliyelala ubavuni mwa harufu hiyo tangu usichana hawezi kuikimbia kirahisi. Lakini mfu ni mfu, na hofu haina adabu. Punde akawa anapiga hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia.

Majirani walimletea dawa ya kila jambo, maombi. Kina mama wa kanisa wakaja, wakaomba, wakanywa chai, na mmoja wao akaropoka kwamba chai ile ina ladha ya mafuta. Wenzake wakamkodolea macho. Kathini hakumlaumu. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya maji, akayamwaga yote uani, akaingiza kichwa ndani ya ndoo tupu. Muinde alikuwa mle.

Ilikuwa ndoo kubwa ya rangi. Maungu maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe, na chombo chenye mfuniko hakitupwi. Siku za matanga, wanawake waliokuja kupikia waombolezaji waliingia stoo ya marehemu, wakasugua kila ndoo waliyoikuta kwa sabuni na mchanga, wakateka maji. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Watu walipotawanyika, Kathini akawagawia ndoo hizo kuwa shukrani. Alijua fika kuwa mumewe alilowekea brashi zake humo miaka na miaka, lakini katika msiba nani hukumbuka? Plastiki ilikunywa thina ikashiba, na sasa ilikuwa inaitapika kidogo kidogo.

Kwa hiyo Muinde hakuwa amerudi. Jambo hilo lilimchoma Kathini hata nusura airudishe ndoo mahali pake na kujifanya hajui. Kisha akamkumbuka Wakesho, jirani yake wa ukuta mmoja. Bintiye Wakesho alikuwa na kichanga, na ndoo waliyopewa ndiyo waliyowekea maji ya kunywa.

Alimkuta Wakesho akiteka.

"Mama Abby, mwaga hayo maji. Nimekuja kuchukua ndoo."

Wakesho alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Ulinipa kwa mkono wako, Mama Rita. Kitu cha matanga kinarudishwaje? Ama nimekukosea?"

"Hujanikosea. Nusa."

"Nimenusa tangu siku ile. Nikasema ni Baba Rita anatutembelea. Nikanyamaza, nisikuumize."

Kathini aliketi kizingitini. "Si yeye," alisema. "Ni thina. Mtoto amekunywa?"

"Bado ananyonya. Lakini mamake amelalamika kichwa wiki nzima."

Wakamwaga maji pamoja, wakampeleka mzazi zahanati. Kathini akazifuata ndoo zilizobaki nyumba kwa nyumba. Wengine walitoa, wengine walitoa huku wakinuna. Akazipanga uani, akachukua nyundo na msumari, akazitoboa matako moja baada ya nyingine. Katika mji wenye kiu, anayetoboa ndoo nzima huhesabiwa kichaa, na walisema hivyo, tena kwa sauti. Yeye alijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

Shemeji yake Festus alimshauri mabaki ya stoo ayamwage chooni, au kwenye laga, kijito kikavu nyuma ya nyumba. Kathini alikataa. Laga ndimo walimofukua mchanga kutafuta maji bomba lilipokauka. Rangi za maji alizikoroga na mchanga, akaziacha zigande kama jiwe. Thina na rangi za mafuta akazifunga katika mikebe yake yenyewe, akamwita Elijah, fundi aliyefanya kazi na marehemu, azichukue akazimalizie kazini.

Jioni alileta mtungi mpya wa maji. Akateka kikombe, akakiinua, akangoja. Maji yalikuwa maji. Hayakuwa na mtu ndani yake. Akayanywa yote, na hapo ndipo Kathini, ambaye kaburini hakutoa hata chozi, alipomlilia Muinde mpaka Wakesho akaja kumshika.