Mkata Haidrenjia wa Westville

Mtunza bustani wa nyumba niliyofanyia kazi kule Westville alikuwa Mrundi mwenye vidole vya sugu. Kabla ya kukata tawi alilishika kwanza, akalipapasa, na baada ya kila kichaka aliufuta mkasi kwa shati lake. Agosti ile ya 2012 alivikata vichaka vyote vya maua ya haidrenjia hadi usawa wa magoti. Madamu alipotoka na kuona vile visiki, akapandwa na hasira. Mrundi hakujua Kiingereza, akanigeukia mimi.

“Dada, mwambie haya maua yanatoka kwa matawi mapya. Bila kukata yatakuwa madogo. Angojee Noeli tu.”

Aliongea polepole ili nisikose neno. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, nikaogopa kuonekana niko upande wake. Nikamwambia madamu, “Anaomba msamaha.” Akafukuzwa palepale, naye akanishukuru kwa kumsemea.

Desemba vichaka vilielemewa na maua meupe, makubwa kuliko kichwa cha mtoto. Madamu akayapiga picha, kisha akaniuliza kama najua pa kumpata yule bwana. Mimi na Mrundi tunasali kanisa moja, na kila Jumapili hunisalimia kwa mikono miwili. Nikasema sijui.