Kosa la Namba Sita

Dada mwenye nyumba ndiye aliyenifundisha kuandika mchezo wa besiboli kwenye karatasi, pigo kwa pigo. Alikuwa nesi, nami nilipanga chumba kwake DeSoto, kando ya jiji la Dallas, Marekani, baada ya kuhamahama miji mingi. Niliacha shule kidato cha pili, lakini maswali hayajawahi kuniacha. Jioni tulikaa mbele ya televisheni, kila mmoja na karatasi ya visanduku magotini.

"Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake," alisema. "Mrushaji moja, mdakaji mbili. Sita husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Akiokota mpira akamtupia wa kituo cha kwanza, andika sita, kistari, tatu. Mpigaji ametoka."

"Na akikosa kuupiga mara tatu?"

"Andika K."

"Kwa nini K?"

"Wewe na kwa nini zako! Andika, kaka."

Jambo moja alilikazania: mchezaji akipoteza mpira mwepesi, aandikiwe kosa, herufi E na namba yake. "Hata kama unampenda."

Nilianza kununua vitu vya mtu anayekaa: sufuria, pazia. "Chumba hiki ni chako," aliniambia. "Kaa mpaka uchoke mwenyewe." Tangu nitoke kwa mama, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Kwa hiyo aliponialika twende Houston kutazama mchezo uwanjani, niliona ni heshima. Kaka yake anayeishi Sugar Land, jirani na Houston, alitukuta kwenye viti. Aliitania karatasi yangu, "Huyu ameshampita mwalimu!", akanimiminia karanga kiganjani. Dada alipokwenda kununua soda, kaka yake akakohoa kidogo.

"Bwana mdogo, umeshapata pengine?"

"Pengine pa nini?"

"Mpwa wetu anakuja mwisho wa mwezi, atahitaji chumba. Dada aliniomba niongee nawe. Yeye anaona haya."

Karanga zilinibaki mkononi. Najua kwetu habari nzito hupewa mtu mwingine aifikishe. Lakini wa kutumiwa mjumbe ni mgeni, na mimi nilikuwa nakula na dada sahani moja. Njia nzima kutoka Dallas aliniuliza namba za nafasi, akacheka nilipopatia, na moyoni alijua ananipeleka wapi.

Alirudi na soda, akawa anatazama uwanja tu. Mara mpira mwepesi ukabingirika kuelekea kwa sita, kipenzi chake. Ukampita katikati ya miguu.

"Umedunda vibaya," alisema haraka. "Mhesabie mpigaji pigo zuri, kaka. Usimwandikie kosa, maskini."

Niliandika E, kisha sita, nikakoleza.

"Ulikuwa mwepesi, dada."

Alimtazama kaka yake, kisha mimi, akajua nimeambiwa. Kwenye karatasi yake, kisanduku kile alikiacha kitupu mpaka mchezo ukaisha.

Nilihama kabla mpwa hajafika. Sufuria niliichukua. Pazia nililiacha dirishani.