Jiwe la Kaunti Chini ya Birika la Istahil

Istahil wa Balambala hakuzaliwa na woga, na mumewe Dagane alilijua hilo kabla ya ndoa, kwa hiyo asije akatulilia sisi. Mama huyu ni mfugaji. Mbuzi wake hushuka kunywa maji Mto Tana kwa kupitia malka, ile njia pana ya mifugo inayopita kati ya mashamba. Malka ikifungwa, mbuzi watakufa kwa kiu huku mto wanausikia.

Basi kaunti ikaleta mpango wa ardhi. Mji unakua, wakasema, lazima upangwe. Kwenye ramani yao malka ilikuwa imepakwa rangi ya maduka. Wazee wakaitwa, wakanyweshwa soda, wakaahidiwa ploti. Dagane naye akatia sahihi. Mtu mzima na ndevu zake!

"Umeuza maji ya mbuzi wangu kwa soda," Istahil alimwambia.

"Ni maendeleo, mama Nimo. Nyinyi wanawake hamwelewi."

Asubuhi Dagane alipokwenda sokoni, Istahil alibomoa nyumba yao, ile ya fito na mikeka aliyoifuma na mama yake kabla ya harusi, akaipakia juu ya ngamia. Kufikia adhuhuri ilikuwa imesimama upya ukingoni mwa malka, juu ya jiwe la mpaka lililopandwa na wapimaji wa kaunti. Jiwe lilibaki ndani. Akaliwekea birika la chai.

Dagane aliporudi alikuta majivu ya jiko tu. Jamani, tulicheka! Lakini angefanya nini? Kwetu nyumba ni ya mwanamke: yeye huileta, huijenga, huibomoa. Mwanamume anayeing'oa bila idhini yake, aibu hiyo hata wajukuu watairithi.

Siku ya mkutano wa mpango ule, pale pale kwenye malka, alifika Hirsi, afisa wa mipango kutoka Garissa, akatafuta jiwe lake.

"Eedo, jiwe letu liko wapi?" aliuliza, akimwita shangazi kwa heshima.

"Lipo ndani, limebeba birika. Unalitaka? Ng'oa ufito mmoja tu, ulichukue."

Hirsi naye ni mtoto wa mama wa Kisomali. Alirudisha mkono mfukoni, akamgeukia Dagane. "Mzee, wewe ulikubali mpango. Mwambie mkeo aondoke."

Macho yote yakamwangukia. Ploti aliyoahidiwa ilikuwa papo hapo, miguuni pake. Mbuzi wakapita kando ya nyumba kwenda majini, na Istahil alimtazama mumewe bila kupepesa macho. Moyoni Istahil alijua: Dagane akisema neno moja baya, ndoa imekwisha.

"Nyumba si yangu," Dagane alisema taratibu. "Na malka pia haikuwa yangu. Nilitia sahihi kwenye mali ya watu. Futa jina langu."

"Basi nitarudi na askari!" Hirsi alifoka.

"Waje," Istahil alisema. "Ila kila mmoja aje na mama yake, atuambie mbele yetu kama amemruhusu mwanawe kubomoa nyumba ya mwanamke."

Hirsi aliingia garini, akaondoka. Dagane alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Nimo, chai ipo?"

"Ipo," alisema Istahil, akiinua mkeka wa mlangoni. "Vua viatu. Na jiwe langu usilisogeze."